Kifusi Kinahitajika Hapa

Zuhura mwanangu,

Habari za soksi, sweta na mafuta ya kupaka midomo isipasuke shangazi yako ameshazimaliza, na jana nilimsikia akikufundisha namna ya kufunga pilipili begini zisinuke. Hapo siongezi neno. Yeye amewahi kuishi kwenye baridi. Baridi ninayoijua mimi ni ya friji la soda hapa dukani. Nakuandikia nikiwa kaunta, Ijumaa, saa nne asubuhi. Mtaa wa Kongo umeshaanza kelele zake, wateja wa madaftari bado ni wachache, na kalamu hii nimeitoa kwenye boksi ambalo halijauzwa.

Nina neno moja la kukuambia. Kwa kuwa nimezoea kuandika kwa kugombana, nitachelewa kulifikia. Nivumilie. Kwanza nigombane na kitabu.

Unakikumbuka kile cha jiografia chenye jalada la kijani. Kila mwaka maboksi yake huingia hapa yakinuka gundi, na kila mwaka ukurasa ule wa visanduku sita uko palepale. Msitu wa mvua. Nyika. Jangwa. Misitu ya nchi za baridi. Nchi ya barafu. Bahari. Kila kisanduku na mnyama wake mmoja, kana kwamba Mungu aliigawa dunia kwa rula. Kwenye msitu wa mvua wameandika kuwa umejaa uhai. Kwenye jangwa, kwamba hakuna kitu. Nchi ya barafu nayo, karibu hakuna kitu.

Ni uongo, na ni uongo wa uvivu. Jangwani mbegu hulala mchangani miaka, hazifi, zinangoja. Siku mvua inaponyesha zinaamka zote pamoja, zinachanua, zinazaa na kulala tena kabla mwandishi wa kitabu hajafunga viatu vyake. Nchi ya barafu udongo wake umeganda chini, lakini jua likitoka kwa zile wiki chache, ndege waliovuka nusu ya dunia wanakuja kutaga humo. Hata sifa walizoupa msitu wa mvua zimepinda. Udongo wa msitu ule mara nyingi ni maskini kuliko wa shamba la mihogo la babu yako. Mali yote iko juu, kwenye miti, na kwenye majani yanayooza na kunyonywa tena kabla hayajapotea. Mtu anaona miti mikubwa, anadhani chini kuna hazina, anaikata ili alime hiyo hazina, na baada ya misimu michache anabaki na ardhi ngumu isiyompa hata bamia.

Sasa unacheka, unasema, Mama naye, kayasoma haya lini? Nimeyasoma nikiwa nimeshachelewa. Siku yalipohitajika nilikuwa upande wa kitabu.

Nikupe mfano mdogo kabla ya ule mkubwa. Wewe ukiwa darasa la tatu niliandika gazetini, kwenye ile safu yangu ya Jumatano, kwamba nyika zetu ni misitu iliyoshindwa, na kwamba serikali yenye akili ingepanda miti kila palipo na majani. Niliandika kwa moto, watu wakanipigia simu kunipongeza. Wiki iliyofuata akaja mfugaji mmoja kutoka Simanjiro kununua madaftari ya watoto wake. Akalipa, akakunja risiti, akaniuliza, "Wewe ndiye mama wa gazeti?"

"Ndiye."

"Umeandika vizuri sana. Ila ng'ombe wangu hali kivuli."

Akaondoka. Hakungoja jibu. Nami nilimjibu kwa makala mbili, zote ndefu. Ilinichukua miaka kukubali kwamba sentensi yake moja ilikuwa imezishinda zote mbili: kwamba majani ya nyika mizizi yake imeshuka chini mbali kuliko yalivyopanda juu, kwamba moto na kwato ndivyo vinavyoyaweka hai, na kwamba ukipanda msitu pale unaua kitu kizima ili usimamishe kingine nusu. Ila hilo halikumwumiza mtu. Serikali haikunisoma, miti haikupandwa. Makosa yangu mengine yalipata wasomaji wazuri zaidi.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja uliniletea ukurasa ule wa visanduku hapa kaunta. Ukauliza, "Mama, kinamasi chetu cha bondeni kiko kisanduku gani?"

Nikakuambia, "Hakimo. Ule ni uchafu tu. Kalete chai."

Kilikuwa kiwanja chetu, kile cha chini ya Magomeni, kuelekea bonde la Jangwani, nilichokiandikisha kwa jina lako ulipozaliwa. Unakijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukienda pale Jumapili na chupa ya jamu kukamata viluwiluwi, ukirudi na matope hadi magotini, unaniambia habari za ndege mdogo mwekundu anayefuma kiota kwenye matete. Mimi niliona matete tu, na mbu, na mahali ambapo nyumba ya mwanangu haiwezi kusimama. Mvua zikija, maji ya mtaa mzima yalishuka pale yakatulia. Yakakaa wiki mbili, tatu, yakazama polepole. Nami nikayaona yale maji ni adui yako.

Basi nikafanya anachofanya kila mwenye kiwanja cha bondeni katika mji huu. Nilipaka maneno kwenye ubao kwa rangi nyekundu: KIFUSI KINAHITAJIKA HAPA. Nikausimamisha barabarani. Hapa Dar huhitaji kusema zaidi. Kila siku Kariakoo kuna nyumba ya zamani inayobomolewa ipandishwe ghorofa, na kila mwenye lori anatafuta pa kumwaga. Mwaka ule iliyokuwa inabomolewa ni ya bibi yangu mwenyewe, nyumba ya urithi, ndugu walipokubaliana kumpa mjenzi. Nikamwambia dereva, usiende mbali, leta kwangu. Nilijiona nina akili sana. Nyumba ya bibi inakwenda kubeba nyumba ya kitukuu!

Lori la kwanza lilipomwaga, ulipanda juu ya rundo ukaokota jiwe. "Mama, hili jiwe lina nyota nyota." Nikakuambia ni jiwe la ukuta wa Bibi, shuka utachomwa na msumari. Lilikuwa tumbawe, Zuhura. Ukuta ule wote ulikuwa mwamba wa bahari, makao ya wanyama wadogo waliojenga kwa karne nyingi, mtu akaja akauchonga. Chokaa yake ilikuwa matumbawe yaliyochomwa. Boriti za dari zilikuwa mikoko ya Rufiji, ile miti inayosimama kwenye maji ya chumvi na kupumua kwa mizizi, kamba na samaki wanalelewa miguuni pake. Sisi watu wa mji huu tuliileta pwani yote vipande vipande tukaifanya nyumba, na tulipoichoka mimi nikaichukua nikaizibia kinamasi. Nilizika bahari ndani ya bwawa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuharibu mahali pawili kwa lori moja namna ile, na nilimpa dereva soda.

Masika yaliyofuata maji yalishuka kama kawaida yake. Yakafika kiwanjani, yakakuta ukuta. Yakageuka.

Jirani wa chini ni Mama Eliya. Unamjua, lakini karatasi hii huenda siku moja ikasomwa na wanao, kwa hiyo niseme: mwanamke wa Moshi, anauza ndoo na mabeseni mitaa miwili kutoka hapa, rafiki yangu tangu nyote hamjazaliwa. Maji yaliingia kwake usiku, yakafika dirishani. Mama yake mzazi, Bibi Anna, ambaye miguu ilikuwa haimchukui, alitolewa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wamebeba. Wiki ile ile wakamrudisha Moshi, na Dar hakuiona tena.

Asubuhi yake tulisimama mimi na wewe kwenye kifusi chetu kikavu tukitazama chini. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukasema, bila kelele, "Mama, maji yalikuwa yanakaa hapa. Umeyahamisha."

Nami nikakuambia, "Funga mdomo wako. Wasikusikie."

Hilo ndilo neno nililolizungukia tangu juu. Nimeishi kwa mdomo. Nimegombana na madiwani, na wenye magazeti, na maprofesa wanaoandika kama wanatafuna mchanga. Nimepoteza mteja na mchumba mmoja kwa sababu ya kusema. Halafu mtoto wangu akasema jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuandika, nikamfunga mdomo kwa sababu ukweli ule ulikuwa na anwani yangu.

Ungedhani niliishia hapo. Jumatano ile niliandika makala. Niliandika kwamba mafuriko ya bondeni yameletwa na wakazi wenyewe, wanaojaza mifuko na maganda kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mifuko kweli ilikuwemo. Ndiyo sababu uongo ule ulipendeza, ulikuwa na kipande cha kweli mdomoni. Nakumbuka nilivyoufurahia ule mwisho wake, jinsi nilivyouchonga.

Mama Eliya aliisoma. Hakukasirika. Alikusanya kina mama wa mtaa, wakanunua mareki na majembe, na tangu hapo kila vuli na masika yakikaribia, Jumamosi saa moja asubuhi, wako mferejini wanazibua. Miaka kumi na moja. Mfereji ule ni msafi kuliko sahani za hoteli nyingi za mjini. Na kila mvua kubwa maji yanaingia kwake.

Wewe hukusema tena. Ulikwenda kusoma. Ulichagua udongo na maji, nami nikajigamba kwa wateja kwamba umenirithi akili. Jumapili iliyopita, tunakula, ukauliza kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, Mama Eliya bado anazibua mfereji?"

Nikasema, "Kula, wali unapoa."

Siku tano sijalala vizuri. Nimeona kwamba nikikuacha upande ndege na jibu lile, nitakuwa nimekufunga mdomo mara ya pili, safari hii kwa wali. Naweka kalamu chini. Naenda kwake sasa hivi, kabla sijapata sababu.

*

Nimerudi. Ni saa nane.

Nilimkuta amesimama kati ya mabeseni yake, mteja anachagua la kumwogeshea mtoto. Akaniona. "Karibu mwandishi! Leo umemtukana nani?"

"Leo nimekuja kutukanwa mimi."

"Foleni ni ndefu. Ngoja nimalize na huyu dada."

Mteja alipoondoka alinisogezea ndoo niikalie. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza na hadithi. Nikasema, "Mama Eliya, maji yanayoingia kwako si kosa la mfereji. Yalikuwa yanatulia kwangu. Nilipomwaga kifusi yakakosa pa kukaa, yakaja kwako. Nilijua tangu mafuriko ya kwanza. Zuhura aliniambia, nikamnyamazisha. Halafu nikaandika gazetini kuwa kosa ni lenu."

Aliokota mabeseni mawili akayapachika moja ndani ya jingine. Akayatoa. Akayapachika tena.

"Tangu mafuriko ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mama yangu alitolewa juu ya mlango."

"Ndiyo."

"Ile makala yako niliikata, unajua? Nikaibandika pale kikundi chetu kinapokutana. Nikawaambia wenzangu, someni, hii ni aibu yetu, tuifute. Na mimi naongoza na reki mbele. Mgongo huu, Mama Zuhura. Mgongo huu unaouona."

Nikasema nitaandika nyingine. Jumatano hii hii, kwa jina langu, mahali pale pale.

"Wee! Makala ndiyo panadol yako? Kichwa makala, tumbo makala! Nusu ya wale kina mama gazeti wanafungia vitumbua. Kesho saa moja tuko mferejini. Uje uwaambie kwa mdomo huo huo." Kisha akakumbuka, nikaona uso wake unalegea kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. "Aa. Kesho Zuhura anasafiri."

"Anasafiri."

"Basi njoo Jumamosi ijayo. Mtoto sina ugomvi naye."

Zuhura, alinipa siku nane, na sababu ambayo hakuna mtu angeilaumu. Mama anayemsindikiza mwanawe! Nani angeuliza? Lakini ninajijua. Nikipewa siku nane nitapata hoja. Siku ya tatu nitakumbuka kwamba mifuko kweli ilikuwemo mferejini. Siku ya tano nitakumbuka kwamba ramani ya mji ni kosa la wengine, jambo ambalo pia ni kweli. Siku ya nane nitafika pale na hotuba nzuri, kina mama watapiga makofi, na nitarudi nyumbani nimejisamehe mwenyewe.

Nikasema, "Nitakuja kesho."

Akayaweka mabeseni chini. "Sijakusamehe."

"Sijaomba bado."

"Basi usichelewe. Na jembe uje na la kwako, yetu yanatutosha sisi wenyewe tu."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sikupamba.

Sasa kuhusu huko uendako. Umeniambia utasomea vinamasi vya kaskazini, vile ambavyo mimea yake haiozi vizuri, inalala majini tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa udongo mweusi unaoshika moto kama kuni. Umeniambia kwamba wenyeji wa huko nao walivikausha vingi, wakapanda miti na ngano, na sasa wanahangaika kuyarudisha maji. Nilifurahi kusikia hivyo, furaha isiyo nzuri sana, ya mtu aliyegundua kuwa mjinga mwenzake ana shahada. Lakini nitakuomba usifurahi kama mimi. Wakikuonyesha makosa yao, waonyeshe ya mama yako. Yana picha nzuri na lori.

Nawe utatoka uwanja wa ndege wa kule utazame nje, utaona nchi tambarare, ya kijivu, miti mifupi iliyokonda, na moyo utakuambia: hapa hakuna kitu. Moyo huo ni wangu, nilikupa bila kukusudia. Usiutii. Piga magoti utazame chini kama ulivyokuwa ukitazama viluwiluwi. Na wapo watakaokutazama wewe vilevile, kwa haraka, waone hakuna kitu. Gombana nao. Kugombana nakuruhusu, tena kwa sauti. Ninachokuomba ni kwamba ukishinda sana, ukipigiwa makofi mfululizo, uulize ni nani anazibua mfereji kwa sababu yako.

Kiwanja. Ni chako kwa hati, kwa hiyo nasema haya kama mtu anayeomba. Nataka kukichimba. Mwenye katapila nimeshaongea naye nikirudi dukani. Alinicheka, akasema katika kazi yake yote hajawahi kuitwa kutoa kifusi bondeni, huitwa kuingiza. Nimemwambia kifusi kiende kwenye barabara inayojazwa kule juu, na nitapanda lori mwenyewe nihakikishe, nisije nikakimwaga kwa Mama Eliya mwingine. Kabla ya vuli nataka pale pawe chini kama palivyokuwa. Matete sijui kama yatarudi. Wewe ndiye utakayeniambia, nami nitanyamaza nisikilize, jambo litakalowashangaza watu wengi. Nyumba yako haitasimama pale kamwe. Nimekukosesha kiwanja, na sijutii. Utajenga kwingine au utapanga kama tulivyopanga sisi. Ukikubali, nitumie neno moja tu, "chimba". Usipokubali, niandikie sababu, na ujue nitazijibu.

Kesho mnatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Nitakukumbatia mlangoni, nitakusomea dua, kisha wewe na shangazi yako mtaelekea uwanja wa ndege na mimi nitashuka bondeni. Najua wajomba watakuwepo kule, na majirani, na wote watauliza Mama Zuhura yuko wapi siku kama hii. Shangazi yako ameshaandaa kusema kwamba presha imenipanda. Mkatalie. Usiseme naumwa. Sema mama yangu yuko mferejini, anawaambia watu alichowafanyia.

Nenda, mwanangu. Fungua mdomo.

Mama yako.